Leseni ya mganga wako: kwa nini anatakiwa kuendelea kusoma ndipo aihuishe

Msikilizaji mmoja wa Nyasho, mama mwenye genge la mboga, alituuliza swali tukiwa hewani. Alikwenda zahanati na mjukuu wake mwenye homa, akaambiwa tabibu hayupo, yuko kwenye mafunzo. Akarudi wiki iliyofuata kwa jambo lingine, akaambiwa nesi naye yuko kwenye mafunzo. Akauliza: "Hawa watu hawakusoma chuoni? Kila siku mafunzo, sisi wagonjwa tunahudumiwa na nani?"

Swali lake ni la haki. Siku ile tulilijibu kwa dakika chache, maana muda wa redio hautoshi. Hapa tunalijibu kwa kirefu, ili ulisome kwenye simu yako kwa nafasi na umsomee na jirani.

Jibu fupi ni hili: kwa mganga, cheti cha chuo ni mwanzo tu. Ili aendelee kutibu anahitaji leseni iliyo hai, na ili leseni ihuishwe anatakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Wenyewe wanayaita mafunzo endelevu ya kitaaluma, au kwa kifupi CPD. Ukimsikia nesi anasema "natafuta pointi", hazungumzii mpira. Anazungumzia hayo.

Usajili na leseni si kitu kimoja

Tuanze hapa, maana ndipo wengi tunapochanganya.

Usajili ni jina la mtaalamu kuingia kwenye daftari la baraza lake. Anaingia baada ya kumaliza masomo na kutimiza masharti. Kwa daktari, masharti hayo ni pamoja na kufanya kazi mwaka mzima chini ya uangalizi kwenye hospitali iliyoruhusiwa, kipindi ambacho tunawaita "intern".

Leseni ni ruhusa ya kutoa huduma. Ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama leseni ya dereva. Dereva aliyefaulu mtihani miaka 20 iliyopita haruhusiwi kuendesha basi la Musoma kwenda Mwanza kwa leseni iliyokwisha, hata kama barabara anaijua kwa kufumba macho. Mganga naye ni hivyo hivyo.

Leseni inapokaribia kuisha, mtaalamu huingia kwenye mfumo wa baraza lake kwa intaneti, hujaza taarifa zake, huonyesha pointi za mafunzo alizokusanya, hupata kontroo namba na kulipa ada. Pointi zikipungua, kuna tatizo. Hapo ndipo wengine huanza kukimbizana na semina mwishoni mwa mwaka.

Ni baraza gani linamsimamia nani?

Huku kwetu mtu yeyote mwenye koti jeupe tunamwita "dokta". Kwa heshima haina shida, ila kwa sheria ni watu tofauti wenye mabaraza tofauti.

Madaktari, madaktari wa meno na matabibu wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, maarufu kwa herufi MCT. Sheria inayoliongoza ni ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani iliyotungwa mwaka 1959, kabla ya uhuru. Sheria hii mpya iliwaingiza rasmi pamoja na madaktari wale wanaoitwa wataalamu wa afya shirikishi, wakiwamo matabibu ambao ndio tunaowakuta kwenye zahanati zetu nyingi za vijijini.

Wauguzi na wakunga wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, TNMC, kwa sheria ya mwaka 2010. Wafamasia na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wako chini ya Baraza la Famasi. Wataalamu wa maabara wana baraza lao, wa picha za eksirei wana lao, na waganga wa tiba asili nao wana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Wasikilizaji wengine huuliza kwa nini baraza la madaktari bado linaitwa "Tanganyika" wakati nchi ni Tanzania. Sababu ni kwamba afya si jambo la Muungano. Zanzibar wana baraza lao, na MCT linasimamia Bara tu.

Pointi zinapatikanaje?

Kila baraza huweka kiwango cha pointi kwa kada zake, na huorodhesha shughuli zinazokubalika na watoaji wa mafunzo walioidhinishwa. Siyo kila semina yenye chai na maandazi inahesabika. Zinazohesabika kwa kawaida ni za aina hizi:

- Vikao vya kitaaluma kazini. Hospitali nyingi hukutana asubuhi, mmoja anaeleza mgonjwa aliyewasumbua, wengine wanajadili.
- Warsha na kozi fupi, kwa mfano ya huduma ya dharura kwa mama mjamzito au ya kutibu malaria kali.
- Masomo kwa intaneti. Shirika la Afya Duniani lilianzisha jukwaa lake la kozi za bure mwaka 2017, na hapa nchini Wizara ya Afya na vyuo vya afya navyo hutoa masomo kwa njia hiyo.
- Mikutano ya vyama vya kitaaluma, kama Chama cha Madaktari Tanzania na Chama cha Wauguzi Tanzania.
- Kufundisha wanafunzi, kufanya utafiti na kuandika makala za kitaalamu.

Kwa hiyo mtaalamu aliyeko Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, pale Kwangwa, anaweza kukusanya pointi bila kusafiri. Tabibu aliye peke yake kwenye zahanati ya kijiji ndani huko Butiama au Bunda hali yake ni nyingine. Tutarudi kwake.

Kwa nini elimu ya chuo haitoshi?

Mfano mzuri tunao hapa hapa, na kila mzazi wa Mara anaujua: malaria.

Tabibu aliyemaliza chuo mwaka 1999 alifundishwa kwamba dawa ya kwanza ya malaria ni klorokwini. Wengi wetu tunakumbuka uchungu wake na muwasho wake. Mwaka 2001 serikali iliiondoa kwenye nafasi hiyo kwa sababu vimelea vilishaizoea, ikaja SP. Haikudumu. Kufikia mwaka 2007 nayo ilikuwa imepisha dawa mseto, ALu. Ndani ya miaka isiyofika kumi, dawa ya ugonjwa tunaougua kila msimu wa mvua ilibadilika mara mbili.

Haikuishia hapo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza, ndipo yakaenea yale mapimo ya haraka ya tone la damu. Mwaka uliofuata likaelekeza watoto wenye malaria kali wachomwe sindano ya atisuneti badala ya kwinini, kwa sababu utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha inaokoa watoto wengi zaidi.

Sasa fikiria tabibu yule wa 1999 angefungia madaftari yake kabatini siku ya mahafali. Ni mtu mwema, hana hila, anakutibu kwa moyo wote, lakini kwa dawa iliyoshindwa. Mtoto angekufa mikononi mwa mtu anayempenda. Ndiyo maana sheria haiishii kuuliza kama mganga ni mwema. Inauliza pia kama anajua kinachojulikana leo.

Na yapo magonjwa ambayo wengi hawakuyaona kabisa chuoni. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Waliothibitika na wanaodhaniwa kuugua walikuwa tisa, wakafa sita, na kati ya waliofariki alikuwamo mhudumu wa afya. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo. Mganga asiyejua dalili zake na namna ya kujikinga hawezi kukusaidia wewe, na yeye mwenyewe yuko hatarini.

Je, mafunzo yanaokoa watu kweli, au ni kukusanya vyeti?

Swali hili lina jibu lililopimwa, tena hapa Tanzania.

Mwaka 2010 wahudumu wa Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara, walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Walifundishwa kwa mdoli. Miezi saba baadaye walipimwa tena. Kwa mdoli walifanya vizuri sana. Lakini ndani ya chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi, walichokuwa wakifanya hakikuwa kimebadilika. Semina walihudhuria, vyeti wangeweza kuonyesha, watoto hawakunufaika.

Wenyewe hawakukata tamaa. Wakabadili utaratibu: badala ya siku moja nzima, wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, pale pale wodini, mdoli ukiwa karibu. Safari hii vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11 hivi hadi 7 hivi kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa.

Somo hilo likapanuliwa. Hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano, miwili kati yake ikiwa majirani zetu wa kanda hii, Mwanza na Geita, viliingia kwenye mpango wa mazoezi mafupi ya mara kwa mara pamoja na vifaa bora. Matokeo yalitangazwa Februari 2025: vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilipungua kwa karibu robo tatu, na vya watoto wachanga wa siku ya kwanza kwa karibu asilimia 40.

Mfano mwingine ni kutokwa damu baada ya kujifungua. Mwaka 2023 zilitangazwa habari za utafiti uliohusisha akina mama zaidi ya 200,000 Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wahudumu walifundishwa kuipima damu kwa mfuko wenye alama, badala ya kukadiria kwa macho, na kutoa tiba zote kwa pamoja mara tu damu inapozidi. Hali mbaya za kutokwa damu zilipungua kwa asilimia 60. Mfuko wenyewe ni wa plastiki tu. Kilichookoa mama ni mkunga aliyefundishwa kuutumia na kuchukua hatua mapema.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, mafunzo yanaokoa watu, ila si mafunzo ya aina yoyote. Pointi zinahesabu kuhudhuria. Kumwokoa mgonjwa kunataka mazoezi. Mganga anayekusanya pointi zote Desemba kwa kufungua kozi kwenye simu na kubonyeza "endelea, endelea" bila kusoma ametimiza karatasi. Mgonjwa wake hajapata kitu.

Wenzetu wanafanyaje?

Hili halikuanzia Tanzania. Nchini Marekani jimbo la New Mexico lilianza kuwadai madaktari masomo ya kuendelea ili wahuishe leseni tangu mwaka 1971. Uingereza, tangu Desemba 2012, kila daktari hupitiwa upya kila baada ya miaka mitano: huangaliwa alichojifunza, malalamiko aliyopata, na maoni ya wagonjwa na wafanyakazi wenzake. Jirani zetu Kenya, ng'ambo ya Sirari, daktari anatakiwa pointi 50 kwa mwaka, na leseni yake huisha Desemba 31.

Huo utaratibu wa Uingereza una jambo la kujifunza. Mgonjwa anaulizwa. Elimu ya daktari haihesabiwi kwa saa za semina peke yake.

Tabibu wa kijijini apate wapi pointi?

Sasa turudi kwa yule aliye peke yake. Nimezungumza na wahudumu kadhaa wa zahanati za mkoa wetu, na maneno yao yanafanana. Mtandao ni wa kupanda kichuguu. Bando ni la mfuko wao. Warsha ikiwa mjini, nauli na malazi ni juu yao kama hakuna mfadhili. Na kubwa kuliko yote: wakiondoka, zahanati inabaki na mtu mmoja, au inafungwa. Mmoja aliniambia, "Nikienda kusoma nalaumiwa, nisipokwenda leseni inakufa."

Hapo ndipo swali la mama wa Nyasho lina uzito wake. Yeye na tabibu hawagombani. Wote wawili wanaumizwa na upungufu ule ule wa watumishi. Kumzuia tabibu asisome si dawa. Dawa ni mafunzo kumfuata aliko, na zamu kupangwa ili kituo kisibaki kitupu.

Njia zipo, na nyingine zimeshaanza. Tangu mwaka 2024 serikali imekuwa ikituma madaktari bingwa kwenye hospitali za halmashauri kwa siku kadhaa, na pamoja na kutibu huwa wanafanya kazi bega kwa bega na wenyeji ili kuwaachia ujuzi. Musoma tuna chuo cha matabibu, na Shirati kule Rorya kuna chuo cha afya kando ya hospitali. Walimu wako karibu. Na mfano wa Haydom unaonyesha kwamba dakika chache za mazoezi kila wiki kituoni zinazidi safari ya siku moja kwenda mjini.

Wewe mwananchi unaingia wapi? Kila kituo cha umma kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Kwenye mkutano wa kijiji, muulize mjumbe wako: tabibu akienda mafunzo, nani anashika zamu? Akirudi, amewafundisha wenzake alichojifunza? Maswali hayo hayamdharau mtu, na yanasaidia pande zote mbili.

Nitajuaje kama anayenitibu ana leseni hai?

Nikiri jambo. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu kwenye zahanati moja ya binafsi. Tukisubiri, nikasoma vyeti ukutani, kazi ya mtangazaji ni udadisi. Leseni ya mhudumu ilikuwa imekwisha muda wake mwaka uliopita. Nilinyamaza. Shangazi alitibiwa akapona, lakini ule ukimya wangu haujanitoka. Nilikuwa na haki ya kuuliza kwa adabu, na yeye pengine mpya alikuwa nayo kwenye droo. Kwa hiyo:

Kwanza, soma ukutani. Angalia vitu viwili tofauti: kibali cha kituo chenyewe, na leseni ya mtu anayekutibu. Kituo kuwa na kibali hakumpi leseni aliyekaa kwenye kiti. Tazama jina, kada na tarehe ya mwisho.

Pili, uliza kwa heshima. "Samahani dokta, naomba kujua jina lako na kada yako." Mtaalamu wa kweli hakasiriki.

Tatu, ukiwa na mashaka, peleka swali kwa mganga mfawidhi wa kituo. Usiporidhika, nenda ofisi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri, kisha ya Mganga Mkuu wa Mkoa hapa Musoma. Mabaraza yenyewe nayo hupokea malalamiko. La madaktari linapatikana kwenye tovuti ya www.mct.go.tz, na lina uwezo wa kumwonya mtaalamu, kumsimamisha au kulifuta jina lake daftarini.

Nne, usikimbilie kumtangaza mtu kwenye makundi ya WhatsApp kuwa ni daktari feki. Leseni iliyochelewa kuhuishwa na mtu asiyesoma kabisa ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni kosa linalorekebishika. La pili ni jinai. Acha wenye daftari wathibitishe.

Tano, na hili ni muhimu: mgonjwa akiwa mahututi, usianze kukagua vyeti. Apate huduma kwanza. Maswali yatasubiri.

Tumjibu mama yetu

Mama wa Nyasho, tabibu wako alisoma chuoni. Lakini alichosoma kuhusu homa ya mjukuu wako kinabadilika, na sheria inamtaka abadilike nacho. Ukiambiwa yuko mafunzoni, una haki ya kuuliza nani ameshika zamu yake. Akirudi, muulize jambo moja zaidi: "Umetuletea nini kipya?"

Kama wewe ni mhudumu wa afya na unasoma hapa, tuandikie ujumbe mfupi utueleze pointi zako unazipataje huko uliko. Tutazisoma hewani bila kutaja jina wala kituo.